Kufumbua Fumbo la Nambari kwa Haskell: Programu Inayojua Kunyamaza

3, 7, 13, 21, 31, … Nambari inayofuata ni ipi?

Yeyote aliyetafuta kazi Nairobi amekutana na swali la aina hii. Limo kwenye mitihani ya mchujo ya waajiri, na limo kwenye makundi ya WhatsApp, likiwa limepambwa kwa ile mbwembwe ya "ni werevu pekee watakaolipata". Katika mwongozo huu tutaandika programu ya kulijibu kwa Haskell, lugha ya kifankisheni iliyotoka mwaka 1990 na kupewa jina la mwanamantiki Mmarekani Haskell Curry.

Nikuonye mapema. Programu ya kutoa jibu ni mistari michache mno. Kazi yenyewe ni kuifunza kunyamaza pale ushahidi unapokuwa haba, na huko ndiko tutakakokawia. Nadhani umewahi kuandika angalau programu ndogo kwa Python au JavaScript. Kama hujawahi kugusa Haskell, usijali, nitaeleza kila alama ngeni tunapokutana nayo.

Vifaa

Njia ya kawaida ya kusakinisha Haskell ni GHCup, inayopatikana kwenye tovuti ya haskell.org. Itakuletea kompaila ya GHC pamoja na GHCi, dirisha ambalo unaandika mstari mmoja na kujibiwa papo hapo. Mafaili yake ni mazito, kwa hivyo usipakue kwa bando la simu. Subiri Wi-Fi ya chuo au ya kazini. Ikiwa laptopu yako ni ya mtumba na nafasi imebaki kidogo, nenda play.haskell.org, uandike na kuendesha programu ndani ya kivinjari, hata kwa simu. Huko utahitaji mstari wa `main`, nitakaouonyesha mbele.

Ukiwa na GHCi, andika msimbo wako kwenye faili uliloliita Fumbo.hs, kisha:

```
ghci Fumbo.hs
```

Kila ukibadilisha faili, charaza `:reload` na uendelee.

Kwanza karatasi

Usiguse kibodi bado. Andika nambari za fumbo, na chini yake uandike tofauti kati ya kila nambari na iliyoitangulia. Kisha fanya vivyo hivyo kwa safu mpya uliyopata:

```
3   7   13   21   31
  4   6    8    10
    2   2    2
```

Safu ya tatu imetulia: ni 2 tupu. Ukiamini kwamba itaendelea kuwa 2, basi safu ya pili inaendelea na 10 + 2 = 12, na safu ya kwanza inaendelea na 31 + 12 = 43. Hilo ndilo jibu.

Njia hii ina umri mkubwa. Charles Babbage alianza kuijengea mashine nzima Uingereza katika miaka ya 1820, ingawa hakuikamilisha, kwa sababu inageuza ukokotoaji wa polinomia kuwa kujumlisha tu, na magurudumu ya meno yanaweza kujumlisha. Mfululizo wowote unaotokana na polinomia (mraba wa n, mchemraba wa n, na mchanganyiko wa hizo) hatimaye hufika kwenye safu isiyobadilika. Wa kwetu ni n² + n + 1.

Sasa tazama ulichofanya kwenye karatasi. Kuna kitendo kimoja, "toa tofauti", na ulikirudia juu ya matokeo yake chenyewe. Hukuhitaji kaunta wala kubadilisha thamani ya kitu chochote. Ndiyo maana fumbo hili linaikaa Haskell vizuri: tutaandika kitendo hicho kama fankisheni, kisha tuseme kirudiwe.

Fankisheni ya tofauti

```haskell
tofauti :: [Integer] -> [Integer]
tofauti xs = zipWith (-) (drop 1 xs) xs
```

Mstari wa kwanza unatangaza aina: inaingia orodha ya nambari kamili, inatoka orodha ya nambari kamili. Wa pili ndio kazi. `drop 1 xs` ni orodha ileile bila nambari ya kwanza. `zipWith` huzishika orodha mbili na kuzipitia sambamba, ikitumia kitendo ulichoipa, hapa kutoa, kwa kila jozi:

```
7   13   21   31
3    7   13   21   31
```

7 toa 3, 13 toa 7, na kuendelea. Orodha fupi ikiisha, `zipWith` husimama yenyewe, kwa hivyo 31 ya mwisho haina mwenzake na haisumbui.

Katika mafunzo mengi ya zamani utaona `tail xs` mahali pa `drop 1 xs`. Zinafanana isipokuwa kwa orodha tupu, ambapo `tail` huangusha programu. Kuanzia GHC 9.8 kompaila hukupa onyo ukiitumia, na mimi naona onyo hilo limekawia miaka mingi.

```
ghci> tofauti [3,7,13,21,31]
[4,6,8,10]
```

Ngazi nzima

```haskell
ngazi :: [Integer] -> [[Integer]]
ngazi = takeWhile (not . null) . iterate tofauti
```

Hapa anayetoka Python husita. `iterate tofauti` huanza na orodha yako, inaipitisha kwenye `tofauti`, inapitisha matokeo tena, na tena, bila kikomo. Ni orodha isiyo na mwisho. Kompyuta haigandi kwa sababu Haskell ni lugha vivu: haikokotoi kitu mpaka kitu hicho kihitajike. `takeWhile (not . null)` ndiyo inayohitaji, na inachukua safu maadamu hazijawa tupu. Kila safu ni fupi kwa nambari moja kuliko iliyo juu yake, kwa hivyo safu tupu lazima ifike, na hapo kila kitu kinasimama.

Ile nukta katikati inaunganisha fankisheni mbili: matokeo ya iliyo kulia yanaingia kwa iliyo kushoto. Soma kutoka kulia.

```
ghci> ngazi [3,7,13,21,31]
[[3,7,13,21,31],[4,6,8,10],[2,2,2],[0,0],[0]]
```

Ni karatasi yetu ileile, pamoja na sufuri ambazo hatukujisumbua kuziandika.

Jibu la haraka

Nambari inayofuata kwenye safu yoyote ni ya mwisho ya safu hiyo ukijumlisha na inayofuata ya safu iliyo chini yake. Lakini hiyo ya chini nayo ni ya mwisho yake ukijumlisha na ya chini zaidi. Ukifuata hoja hiyo mpaka sakafuni, unabaki na jumla ya nambari za mwisho za safu zote: 31 + 10 + 2 + 0 + 0.

```haskell
ifuatayo :: [Integer] -> Integer
ifuatayo = sum . map last . ngazi
```

```
ghci> ifuatayo [3,7,13,21,31]
43
```

Wengi huishia hapa wakafurahi. Wewe ipe programu hii nambari za matatu za Nairobi: 23 ya Kangemi, 46 ya Kawangware, 58 ya Buruburu, 111 ya Ngong.

```
ghci> ifuatayo [23,46,58,111]
257
```

Imejibu bila kupepesa macho. Kwa hesabu yake, matatu inayofuata ni nambari 257.

Kompyuta haijakosea hesabu. Ukiwa na nambari nne zozote, daima kuna polinomia ya kipeo kisichozidi cha tatu inayopita kwenye zote nne. Ukiwa nazo kumi, ipo ya kipeo kisichozidi cha tisa. Safu ya mwisho ya ngazi huwa na nambari moja tu, na nambari moja peke yake siku zote inaonekana "haibadiliki". Programu inachukulia upweke huo kama ushahidi.

Jaribu pia hii:

```
ghci> ifuatayo [1,2,4,8,16]
31
```

Utasema ni upuuzi, jibu ni 32, kila nambari ni maradufu ya iliyotangulia. Polepole. Chora duara, weka nukta kwenye ukingo wake, uunganishe kila nukta na nyingine zote kwa mistari iliyonyooka, bila mistari mitatu kukutana mahali pamoja ndani. Hesabu vipande. Nukta 1 inatoa kipande 1, nukta 2 vipande 2, kisha 4, 8, 16, na nukta 6 zinatoa vipande 31. Ni mfululizo unaojulikana sana, na unaendelea 57, 99, 163. Nambari tano za kwanza hazitoshi kumwambia mtu yeyote, mwerevu au la, ni upi kati ya hiyo miwili unaoulizwa. Mtahini anayetaka 32 ana bahati tu kwamba watahiniwa wengi hawajachora duara.

Kuifunza kunyamaza

Haskell ina aina inayoitwa `Maybe`. Thamani ya `Maybe Integer` ama ni `Just 43`, yaani jibu lipo na ndilo hili, ama ni `Nothing`, yaani sina jibu. Uzuri ni kwamba kompaila haitakuruhusu kutumia 43 kabla ya kushughulikia uwezekano wa `Nothing`.

Kanuni yangu: sikubali safu kuwa thabiti mpaka ionyeshe angalau nambari tatu zinazolingana. Mbili zinaweza kugongana kwa bahati.

```haskell
type Mbinu = [Integer] -> Maybe Integer

thabiti :: [Integer] -> Bool
thabiti (x:y:z:baki) = all (== x) (y:z:baki)
thabiti _            = False

kwaTofauti :: Mbinu
kwaTofauti xs
  | any thabiti (ngazi xs) = Just (ifuatayo xs)
  | otherwise              = Nothing
```

`(x:y:z:baki)` inasema "orodha yenye angalau nambari tatu, na pengine nyingine zilizobaki". Orodha isiyofikia hapo huanguka kwenye mstari wa pili na kupata `False`. `type` inaipa aina ndefu jina fupi, `Mbinu`, na kila `|` isome kama "ikiwa".

```
ghci> kwaTofauti [3,7,13,21,31]
Just 43
ghci> kwaTofauti [23,46,58,111]
Nothing
ghci> kwaTofauti [1,2,4,8,16]
Nothing
ghci> kwaTofauti [1,2,4,8,16,31,57]
Just 99
```

Angalia mstari wa mwisho. Fumbo la duara ni polinomia ya kipeo cha nne, kwa hivyo linahitaji nambari saba kabla ya safu yenye 1, 1, 1 kujitokeza. Tulipoipa tano ilinyamaza, tulipoipa saba ikajibu, na 99 ni kweli.

Mbinu nyingine

Maradufu na jamii yake hazishikwi na tofauti, zinahitaji uwiano. Naepuka kugawanya, kwa sababu nambari kamili hupoteza masalio. Badala yake nalinganisha kwa kuzidisha.

```haskell
kwaUwiano :: Mbinu
kwaUwiano xs@(a:b:_:_:_)
  | a /= 0
  , and (zipWith (\x y -> y * a == x * b) xs (drop 1 xs))
  , (last xs * b) `mod` a == 0
  = Just ((last xs * b) `div` a)
kwaUwiano _ = Nothing
```

`xs@` inaipa orodha nzima jina huku tukiichungulia ndani. `/=` ni "si sawa na". `\x y ->` ni fankisheni isiyo na jina. Sharti la `mod` linazuia jibu la uongo kwa 8, 4, 2, 1, ambako kinachofuata ni nusu na programu yetu haina nusu.

Ile ya Fibonacci, ambapo kila nambari ni jumla ya mbili zilizotangulia, ni fupi:

```haskell
kwaJumla :: Mbinu
kwaJumla xs@(_:_:_:_:_:_)
  | and (zipWith3 (\x y z -> x + y == z) xs (drop 1 xs) (drop 2 xs))
  = Just (sum (drop (length xs - 2) xs))
kwaJumla _ = Nothing
```

Mbinu inayozaa mbinu

Hapa ndipo mtindo wa kifankisheni unapolipa. Watahini wanapenda kusuka mifululizo miwili pamoja: 4, 50, 7, 45, 10, 40, 13, 35. Moja inapanda kwa 3, nyingine inashuka kwa 5. Ungeweza kuandika mbinu mpya ya kushughulikia hilo, lakini kila mfululizo ndani yake tayari una mbinu yake. Tunachokosa ni fankisheni inayopokea mbinu na kurudisha mbinu:

```haskell
kilaPili :: [a] -> [a]
kilaPili (x:_:baki) = x : kilaPili baki
kilaPili xs         = xs

pishana :: Mbinu -> Mbinu
pishana m xs = do
  jibuA <- m (kilaPili xs)
  jibuB <- m (kilaPili (drop 1 xs))
  pure (if even (length xs) then jibuA else jibuB)
```

Ndani ya `do`, upande mmoja ukitoa `Nothing`, mbinu nzima inatoa `Nothing`. Nimedai pande zote mbili zijibu ingawa nitatumia jibu la upande mmoja tu: kama nusu ya fumbo haieleweki, sina sababu ya kuiamini nusu nyingine.

Na hii ya pili ni mstari mmoja. Katika 2, 3, 5, 9, 17 tofauti ni 1, 2, 4, 8, yaani safu ya chini ina uwiano:

```haskell
kupitia :: Mbinu -> Mbinu
kupitia m xs = (last xs +) <$> m (tofauti xs)
```

`<$>` inapeleka kujumlisha ndani ya `Just`, na inaiacha `Nothing` ilivyo. `kupitia kwaUwiano [2,3,5,9,17]` inatoa `Just 33`. Unaweza hata kuandika `pishana (kupitia kwaUwiano)`, ingawa sijui mtahini mkatili kiasi hicho.

Kabla hujaanza kuzizalisha ovyo, kumbuka kwamba kila mbinu unayoongeza ni mlango mwingine wa nambari za matatu kupenyeza. Ongeza tu zile ambazo mafumbo halisi yanazihitaji.

Kuziweka pamoja

```haskell
mbinuZote :: [(String, Mbinu)]
mbinuZote =
  [ ("tofauti", kwaTofauti)
  , ("uwiano", kwaUwiano)
  , ("jumla ya mbili", kwaJumla)
  , ("kupishana", pishana kwaTofauti)
  , ("kupishana kwa uwiano", pishana kwaUwiano)
  , ("tofauti zenye uwiano", kupitia kwaUwiano)
  ]

majibu :: [Integer] -> [(String, Integer)]
majibu xs = [ (jina, n) | (jina, m) <- mbinuZote, Just n <- [m xs] ]

main :: IO ()
main = mapM_ print (majibu [4,50,7,45,10,40,13,35])
```

Mbinu zimo ndani ya orodha kama nambari au maneno yoyote. `Just n <- [m xs]` huchuja: anayenyamaza anarukwa. Hapo `main` itachapisha `("kupishana",16)`.

Ningeweza kurudisha jibu la kwanza pekee, lakini napenda kuona nani amejibu. Usichukulie tu majibu mawili yanayokubaliana kama kura mbili. Ukiingiza 1 mpaka 8, "tofauti" na "kupishana" (pamoja na "tofauti zenye uwiano", kwa kuwa tofauti zote ni 1) zote zitasema 9, na haingewezekana vinginevyo, maana ukiruka kila nambari ya pili kwenye mfululizo ulionyooka unabaki na mfululizo ulionyooka. Ukiingiza 1, 2, 4, 8, 16 unapata 32 kutoka kwa "uwiano" na "tofauti zenye uwiano", kwani tofauti za maradufu nazo ni maradufu, na mengine yanabaki baina yako na mtahini.

Kuijaribu

Tengeneza fumbo ambalo jibu lake unalijua, lifiche, uone kama programu italirudisha. Hapa ni polinomia 1,331 za kipeo kisichozidi cha pili:

```haskell
jaribio :: Bool
jaribio = and
  [ kwaTofauti (map f [1..6]) == Just (f 7)
  | a <- [-5..5], b <- [-5..5], c <- [-5..5]
  , let f n = a*n*n + b*n + c ]
```

Inatoa `True`. Ukitaka nambari za kubahatisha, tumia QuickCheck, maktaba ya Koen Claessen na John Hughes ya mwaka 2000. Jaribu pia kimya: `majibu [23,46,58,111] == []`. Jaribio hili la pili watu hulisahau, nalo ndilo litakalovunjika siku utakapolegeza masharti.

Orodha ikirudi tupu

Nenda oeis.org, uandike nambari zako kwenye kisanduku cha kutafutia. Hiyo ni kamusi ya mifululizo iliyoanzishwa na Neil Sloane mwaka 1964 na kuwekwa kwenye intaneti mwaka 1996. Vipande vya duara vimo, chini ya A000127.

Lakini kuna mafumbo ambayo hata huko utayakosa kwa sababu hayatokani na hesabu. Mwulize mwenzako: 4, 5, 4, 3, 4, 4, … Programu yetu itarudisha orodha tupu, na ina haki. Ni idadi ya herufi: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Ukiona fumbo la aina hiyo linazunguka kwenye kundi lenu, lipe mbinu yake:

```haskell
kwaHerufi :: Mbinu
kwaHerufi xs
  | n >= 4, n < length urefu, xs == take n urefu = Just (urefu !! n)
  | otherwise = Nothing
  where
    n     = length xs
    urefu = map (toInteger . length)
              (words "moja mbili tatu nne tano sita saba nane tisa kumi")
```

Ongeza `("herufi", kwaHerufi)` kwenye `mbinuZote`, kisha `:reload`. Ukitaka kupita kumi, amua kwanza kama "kumi na moja" utaihesabu pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno, na ubadilishe `words` kuwa orodha uliyoiandika mwenyewe, kwa sababu `words` itaikata vipande vitatu.